Ukiongeza repo kwenye Linux, unamkabidhi nani kompyuta yako?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10, na tangu hapo mafundi wa kompyuta hapa Tanga wana kazi nyingi ya kuwawekea watu Linux. Sababu iko wazi. Laptop nyingi zinazouzwa Ngamiani ni za mtumba, prosesa zake ni za mwaka 2014 au 2015, na Windows 11 inazikataa. Mwalimu, mwanachuo au mwenye steshenari hana fedha za mashine mpya, basi anawekewa Linux Mint au Ubuntu, mashine inakuwa nyepesi, anafurahi. Maswali huanza baada ya siku chache. Programu aliyoizoea haimo kwenye duka la mfumo, au imo lakini ni toleo la zamani. Anatafuta mtandaoni, anakuta maelekezo mafupi, ananakili, anabandika kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, anaandika nywila, programu inafunguka.

Maelekezo hayo mara nyingi huwa na sura hii:

sudo add-apt-repository ppa:jina-la-mtu/jina-la-programu
sudo apt update
sudo apt install jina-la-programu

Karibu kila mtu hutazama mstari wa tatu, kwa kuwa ndio unaotaja kile anachokitaka. Uzito uko kwenye mstari wa kwanza, unaoongeza repo, yaani ghala la programu la mtu mwingine. Ukienda soko la samaki la Deep Sea ukanunua changu wawili, umelipa, umebeba, mmeachana na muuzaji palepale. Kuongeza repo ni kumwachia muuza samaki ufunguo wa nyumba ili awe anakuletea mwenyewe hadi jikoni, wakati wowote anaotaka, mpaka siku utakayokumbuka kumnyang'anya. Pengine ni mtu mwaminifu kabisa. Lakini swali ulilopaswa kujiuliza limebadilika: halihusu tena samaki wa leo, linahusu mtu na muda atakaokaa na ufunguo wako.

Mnyororo wa sahihi

Tuanze na repo rasmi, maana bila kuielewa hiyo mengine yatachanganya. Repo ni ghala la pakeji, yaani mafaili ya programu za kusakinishwa, lililoko kwenye seva. Mfumo unapowekwa tu, huwa tayari una anwani za maghala ya wenyewe, yaani Ubuntu, Debian au Mint, pamoja na funguo za umma za wanaoyasimamia. Ukiandika sudo apt update, kompyuta inachukua kwanza faili liitwalo InRelease. Ndani yake mna orodha ya mafaili mengine na hashi zake, zile tarakimu ndefu za SHA256 ambazo hubadilika kabisa hata ukigusa herufi moja tu ya faili, na orodha nzima imetiwa sahihi ya kidijitali. apt, programu inayosimamia usakinishaji wa pakeji, inaikagua sahihi hiyo kwa ufunguo ilio nao. Ikiikubali, inaliamini faili la Packages kwa kuwa hashi yake imo ndani ya InRelease. Ukisakinisha kitu, inaiamini pakeji kwa kuwa hashi yake imo ndani ya Packages. Ni mnyororo mmoja, kuanzia sahihi hadi faili la mwisho.

Ndiyo maana maghala mengi ya Ubuntu na Debian bado yanatumia http ya kawaida, bila https, na hali ni salama. Aliye katikati ya njia, tuseme mwenye Wi-Fi ya hoteli uliyofikia Raskazone, hawezi kukubadilishia pakeji bila apt kupiga kelele. Mnyororo huu uliwahi kupata ufa: Januari 2019 mtafiti Max Justicz alionyesha kosa ndani ya apt yenyewe lililomwezesha mtu wa katikati kupenyeza pakeji yake. Masasisho ya kulirekebisha yalitolewa mara moja.

Nyuma ya mnyororo kuna watu, na hapa ndipo repo rasmi inapopata thamani yake. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na hadi leo anayetaka haki ya kupandisha pakeji kule lazima ufunguo wake uwe umetiwa sahihi na msimamizi mwingine aliyemthibitisha kuwa ndiye. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, lina pakeji zaidi ya 69,000. Hakuna mtu anayesoma kila mstari wa msimbo wa pakeji zote hizo, na anayekuambia wanazisoma anakudanganya. Kilichopo ni kwamba kila pakeji ina mtu anayejulikana, kila badiliko linaonekana, kuna timu ya usalama, na pakeji mpya hukaa kwenye matawi ya majaribio kabla ya kuingia toleo thabiti linalotumiwa na watu wa kawaida. Kukaa huko ndiko watu wanakokuita uzee wa Debian. Nitaeleza baadaye kidogo kwa nini uzee huo uliwahi kuokoa watu wengi.

Sasa, repo ya nje nayo ina mnyororo uleule. Ina InRelease, ina Packages, ina sahihi. Ukiiongeza, unaongeza pia ufunguo wa mwenyewe, na kuanzia hapo apt inakagua kila kitu kwa bidii ileile na kukuonyesha kwamba mambo ni shwari. Hapo watu wengi huhisi wamekwisha kulindwa. Lakini sahihi inathibitisha jambo moja tu: kwamba pakeji imetoka kwa mwenye ufunguo na haikuguswa njiani. Kama mwenye ufunguo ni mwizi, sahihi inathibitisha kwamba umeibiwa na mwizi yuleyule uliyemchagua.

Unachokitoa

Pakeji ya deb haibebi programu peke yake. Inaweza kubeba skripti ndogo zinazoendeshwa kabla na baada ya kusakinisha, kama preinst na postinst, na skripti hizi huendeshwa kwa mamlaka ya root, yaani mtumiaji mkuu asiyezuiwa na chochote. Haijalishi programu yenyewe ni mchezo wa karata au kicheza muziki. Wakati wa kusakinisha, aliyeiandaa anaweza kusoma kila faili, kuongeza mtumiaji mpya, kuweka kazi ya kujirudia kila dakika kumi, kisha mchezo wako wa karata ukafunguka vizuri na wewe ukacheza.

Na hiyo ni siku ya kwanza tu. Kila ukikubali masasisho, skripti za toleo jipya zinaendeshwa tena kwa mamlaka yaleyale. Mwenye repo aliyekuwa mwema mwaka jana anaweza kuwa amechoka, ameibiwa nywila ya akaunti yake, au ameacha jina la tovuti liishe muda likanunuliwa na mtu mwingine. Kompyuta yako haitajua tofauti.

Jambo la tatu ndilo ninaloona halisemwi vya kutosha. Repo uliyoiongeza kwa ajili ya programu moja haifungwi kwenye programu hiyo. Kwa kawaida apt huzipa repo zote kipaumbele kimoja, 500, na pakeji yenye namba kubwa ya toleo ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo repo ya kicheza muziki ikiweka humo openssl au bash (pakeji nyeti za mfumo wenyewe) yenye namba kubwa kuliko ya Ubuntu, siku ya apt upgrade itachukua ile ya kicheza muziki. Mara nyingi hakuna ubaya wowote uliokusudiwa. Mwenye repo alihitaji maktaba mpya ili programu yake ifanye kazi. Matokeo yake ni kwamba sehemu nyeti ya mfumo wako haifuatiliwi tena na timu ya usalama ya Ubuntu, inafuatiliwa na mtu mmoja anayefanya hivyo baada ya kazi. Siku ya kupanda toleo jipya la mfumo, ndipo migongano inapojitokeza na mashine kukwama katikati.

Maelekezo mengi ya siku hizi yanakwambia uuweke ufunguo kwenye /etc/apt/keyrings na kuutaja kwa signed-by. Fuata hivyo. Zamani watu walitumia apt-key, na ufunguo ulioingizwa kwa njia hiyo uliaminiwa kwa repo yoyote ile, hata ya Debian yenyewe. Apt-key sasa imeondolewa kwenye matumizi. Ila signed-by inazuia ufunguo wa repo moja kutumika kwenye repo nyingine, basi. Haiizuii repo hiyo kuleta pakeji yoyote inayoitaka, na haizigusi zile skripti za root.

Kisa cha deb.fdmpkg.org

Mwezi Septemba 2023 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilichapisha uchunguzi ambao ningependa kila fundi anayewawekea watu Linux aufahamu, kwa sababu hauna uchawi wowote ndani yake. Free Download Manager ni programu halisi ya kupakua mafaili, yenye tovuti halisi. Kwa kipindi cha kuanzia 2020 hadi 2022, baadhi ya waliobofya kitufe cha kupakua toleo la Linux kwenye tovuti hiyo walielekezwa kimyakimya kwenye anwani nyingine, deb.fdmpkg.org, iliyokuwa repo ya Debian iliyotengenezwa na wahalifu. Ni baadhi tu. Wengine walipewa faili safi. Ndiyo sababu mmoja akilalamika, mwenzake alijaribu akaona mambo sawa.

Pakeji ile ilisakinisha programu na programu ikafanya kazi. Skripti yake ya postinst iliweka mafaili mawili ndani ya /var/tmp, moja likiitwa crond ili lifanane na huduma ya kawaida ya mfumo, na ikaweka faili /etc/cron.d/collect la kuliendesha kila baada ya dakika 10. Hapo mlango wa nyuma ukawa wazi, na kupitia mlango huo ikaletwa skripti ya kukusanya taarifa: historia ya kivinjari, nywila zilizohifadhiwa, pochi za sarafu za kidijitali, na vitambulisho vya kuingilia huduma za wingu.

Kinachoniuma zaidi kwenye kisa hiki ni kwamba dalili zilikuwepo hadharani. Kuna watu waliuliza mtandaoni kwa nini kompyuta zao zinasumbuliwa na hilo faili la collect kwenye cron, wakasaidiwa kutatua usumbufu, na hakuna aliyegundua kwamba wameingiliwa. Miaka mitatu ilipita tangu pakeji ile itengenezwe hadi uchunguzi ulipochapishwa. Mazoea ya kusema Linux haina virusi yaliwafumba watu macho, na mazoea hayo nayasikia hapa kila siku.

PPA, AUR na jina linalobadilisha mikono

PPA ni repo za watu binafsi zinazokaa Launchpad, jukwaa la Canonical, kampuni iliyo nyuma ya Ubuntu. Kwa kuwa anwani ni ya Canonical, watu hudhani Canonical imekagua yaliyomo. Haijakagua. Mtu yeyote anafungua akaunti, anakubali kanuni za mwenendo, anapandisha msimbo, na Launchpad inautengeneza kuwa pakeji na kuutia sahihi. Faida ipo: kwa kuwa PPA hupokea msimbo wa chanzo na si pakeji iliyokwisha kutengenezwa, unaweza kuona kilichopandishwa. Lakini ni nani hapa Chumbageni aliyewahi kuusoma?

Watumiaji wa Arch, aina nyingine ya Linux, wana AUR, ghala la watumiaji wenyewe, ambako mtu hupandisha maelekezo ya kutengeneza pakeji, na pakeji iliyoachwa na mwenyewe inaweza kuchukuliwa na mwingine. Julai 2018 pakeji ya acroread, msomaji wa PDF wa zamani wa Adobe, ilikuwa imeachwa hivyo. Mtumiaji mwenye jina la xeactor aliichukua, akaongeza mstari wa kupakua skripti kutoka nje, skripti ikaweka kazi ya kujirudia ya kukusanya taarifa za kompyuta. Ilionekana upesi na madhara hayakuwa makubwa. Miaka saba baadaye, Julai 2025, pakeji tatu zilizojifanya marekebisho ya vivinjari, mojawapo ikiitwa librewolf-fix-bin, zilipandishwa tarehe 16 zikiwa na CHAOS RAT, programu hasidi ya kumwezesha mtu kuitawala kompyuta kutoka mbali. Ziliondolewa tarehe 18. Angalia majina yaliyochaguliwa: maneno ya kurekebisha na kuziba viraka, yale yale ambayo mtu mwenye shida na kivinjari chake angeyatafuta.

Flatpak na Snap zina hatari ya aina nyingine

Hapa wengine hujibu: basi nitumie Flatpak, ile aina ya pakeji iliyofungiwa ndani ya uzio. Ni jibu zuri kwa sehemu, na mimi mwenyewe humshauri anayeanza atazame Flathub, duka la Flatpak, kabla ya kutafuta PPA. Programu ya Flatpak haiendeshi skripti kwa mamlaka ya root wakati wa kusakinishwa, haigusi maktaba za mfumo, na inaishi ndani ya uzio wake.

Uzio huo una malango, na aliyeiandaa pakeji ndiye anayeamua yapi yawe wazi. Programu nyingi huomba ruhusa ya kusoma na kuandika ndani ya folda lako lote la nyumbani. Iliyo na ruhusa hiyo inaweza kuandika ndani ya faili la .bashrc, na siku utakayofungua terminali, amri zake zitaendeshwa nje ya uzio. Picha zako, barua zako, risiti za wateja, vyote viko kwenye folda hilo la nyumbani. Mwizi wa taarifa hana haja ya root. Amri ya flatpak info --show-permissions ikifuatiwa na jina la programu inakuonyesha ruhusa zote, na programu iitwayo Flatseal inakuwezesha kuzifunga moja moja kwa kubofya.

Jingine la kutazama ni nani ameiweka. Google Chrome iliyoko Flathub haikuwekwa na Google, na ukurasa wake wenyewe unasema hivyo. Tangu 2023 Flathub huweka alama kwenye programu zilizothibitishwa kuwa za wenyewe, na Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024, huzificha zisizothibitishwa mpaka wewe mwenyewe uamue kuziona. Uamuzi huo ulilalamikiwa na wengi. Naona walifanya sawa.

Snap Store, duka la Snap, pakeji nyingine za kufungiwa, ilipata majaribu yake mapema. Mei 2018 mchezo uitwao 2048buntu ulikutwa umebeba programu ya kuchimba sarafu za kidijitali kwa umeme na prosesa ya mtumiaji. Februari 2024 mtu mmoja alisakinisha pochi bandia ya Exodus kutoka duka hilo, akaandika maneno yake ya siri kama alivyoombwa, na bitcoin 9 zikaondoka, zikiwa na thamani ya takriban dola 490,000 wakati huo. Uzio wa Snap ulifanya kazi yake vizuri siku hiyo. Mwenye pochi alimkabidhi mwizi funguo kwa mikono yake, na hakuna uzio unaozuia hilo.

Je, repo rasmi haziingiliwi?

Huingiliwa, au hufika ukingoni. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba amekuta mlango wa nyuma ndani ya xz, maktaba ya kubana mafaili iliyomo karibu kila Linux. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kulichukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Aliyeuweka, akitumia jina la Jia Tan, alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili akichangia kazi halali hadi akaaminiwa kuwa msimamizi. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa yamekwisha kuingia Debian ya majaribio na Fedora ambayo haijatolewa rasmi. Debian thabiti na matoleo ya Ubuntu yaliyokuwa mikononi mwa watu hayakuguswa, na Ubuntu 24.04 ilichelewesha toleo lake la beta ili kutengeneza pakeji zote upya.

Huo ndio uzee niliousema. Aliyekuwa kwenye toleo thabiti alilindwa na ile foleni ya kusubiri. PPA haina foleni hiyo. Kinachopandishwa asubuhi kiko kwenye laptop yako mchana.

Upande mwingine wa shilingi lazima usemwe kwa haki. Kuna programu ambazo repo ya wenyewe ni salama kuliko ya mfumo, na kivinjari ni mfano ulio wazi, kwa kuwa kila wiki chache kuna tundu jipya la kuziba na kuchelewa ni hatari. Mozilla ilifungua repo yake ya deb kwa Firefox, na maelekezo yake yanakutaka ulinganishe alama ya ufunguo na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wao kabla ya kuendelea. Lifanye hilo, usiruke. Pia ujue kwamba deb ya Google Chrome ukiisakinisha huongeza repo ya Google yenyewe kwenye mfumo. Hilo lina faida ya masasisho, lakini ni ufunguo mwingine uliotoka mkononi mwako.

Kwenye steshenari ya Barabara ya 8

Dada mmoja mwenye steshenari Ngamiani aliniita printa yake ya Epson, ya wino wa tangi, ilipogoma kuchapa baada ya kuwekewa Mint. Nilimkuta ameshika simu yenye maelekezo aliyotumiwa na mtu kwenye WhatsApp.

"Kaka, nimeambiwa nibandike hii. Nibandike?"

Nikamwomba nitazame. Ilikuwa PPA ya mtu, masasisho yake ya mwisho yalikuwa ya miaka mingi nyuma, na chini yake amri ya curl inayopakua skripti na kuiendesha papo hapo kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root. Nikamwambia, "Subiri kwanza, dada, tuangalie nyumbani." Tukaandika apt search epson. Ikatokea printer-driver-escpr, dereva huria wa Epson uliomo kwenye repo rasmi, mdogo tu kwa bando. Tukausakinisha, tukaiongeza printa upya, karatasi ikatoka. Wateja wawili walikuwa wamesimama wakisubiri vyeti vyao vya kuzaliwa vitolewe nakala, na kwa kweli angekuwa peke yake asingesubiri, angebandika. Mtu mwenye foleni dukani hubandika chochote. Ndiyo maana nasema kazi hii ni ya fundi anayeweka mfumo: kabla ya kuondoka, amwonyeshe mteja jinsi ya kutafuta kwenye duka la mfumo.

Lipo pia jambo la flash. Bando ni ghali, basi mafundi hugawana mafaili ya deb kwa flash au kwa simu. Hapa mnyororo wote niliouelezea hukatika, kwa sababu dpkg -i, amri ya kusakinisha faili la deb moja kwa moja, haikagui sahihi ya mtu yeyote, inasakinisha ilichopewa. Kama pakeji ilitoka kwenye repo rasmi, unaweza kuurudisha mnyororo kwa mkono. Kwenye kompyuta yenye apt update ya karibuni, andika apt-cache show na jina la pakeji, utaona mstari wa SHA256. Kisha endesha sha256sum kwenye faili la flash. Matoleo yakiwa yaleyale, tarakimu lazima zilingane zote. Zisipolingana, usisakinishe, hata kama aliyekupa ni rafiki yako wa tangu shule. Yeye naye alipewa.

Na ukikutana na kosa la NO_PUBKEY, yaani apt haina ufunguo wa repo hiyo, utaona mtu anakushauri uweke trusted=yes kwenye mstari wa repo ili kosa liondoke. Kosa linaondoka kweli, pamoja na ukaguzi wote. Kuanzia hapo, yule mwenye Wi-Fi ya hoteli anaweza kukuletea anachotaka.

Kwa mashine iliyokwisha kutumika, anza kwa ls /etc/apt/sources.list.d/ uone ni nani wenye funguo. Mara nyingi utakuta majina ambayo mwenye kompyuta hayakumbuki. Halafu apt policy peke yake inakuonyesha repo zote na vipaumbele vyake, na apt policy openssl inakuambia pakeji hiyo nyeti imetoka wapi. Ikiwa unaihitaji repo ya nje lakini hutaki iguse mengine, andika faili ndani ya /etc/apt/preferences.d linaloipa repo hiyo kipaumbele cha -1 kwa pakeji zote, na 500 kwa ile moja unayoitaka. Hiyo inazuia repo kuvamia mfumo kwa bahati mbaya. Pakeji moja uliyoiruhusu bado ina skripti zake.

Kuiondoa repo hakuziondoi pakeji zilizokwisha kuingia. Kwa PPA tumia ppa-purge, ambayo inaifunga na kurudisha pakeji kwenye matoleo rasmi. Kwenye Mint, ndani ya Vyanzo vya Programu, sehemu ya Matengenezo ina vitufe vya kushusha au kufuta pakeji za kigeni. Ukishuku kwamba repo ilikuwa ya wahalifu, yote hayo hayatoshi, kwa kuwa aliyepata root mara moja anaweza kuwa amejificha popote. Chomoa intaneti, badilisha nywila za barua pepe na benki kwa kutumia kifaa kingine, hifadhi hati zako peke yake bila mafaili ya mipangilio, futa diski na uweke mfumo upya kwa ISO, faili la kuwekea mfumo, uliyoikagua hashi yake. Kukagua ISO nako ni lazima: tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint yenyewe ilivamiwa, na waliopakua toleo la 17.3 Cinnamon siku hiyo kupitia viungo vilivyobadilishwa walipata mfumo wenye mlango wa nyuma tangu siku ya kwanza.